Huruma Imlazayo Mgonjwa na Usingizi Umkimbiao

Mgonjwa wa saratani anaporudi nyumbani kutoka hospitali, desturi yetu ni kumpokea kwa kumwondolea kazi zote za mwili: ndoo huchukuliwa mkononi mwake, ufagio hufichwa, watoto hukatazwa kumwita, chai huletwa pale alipo, na kila aingiaye kumjulia hali humaliza kwa neno lile lile la kumsihi alale, apumzike, asijichoshe. Huruma hii ni ya kweli, na ole wake mgonjwa aliyeikosa. Walakini, kwa niliyoyaona katika nyumba za jamaa zangu, na kwa yale ambayo matabibu wameyathibitisha miaka mingi sasa, nimeingia yakini ya kwamba kumlaza mgonjwa kutwa ni katika mambo makubwa yanayomnyima usingizi usiku, na kwamba usingizi ukikosekana kwa majuma na miezi, huzuni na fadhaa hupata njia ya kuingia nafsini mwake ambayo dawa za saratani peke yake haziwezi kuiziba.

Wasiolala chumba kimoja na mgonjwa hawaujui usiku wake. Shangazi yangu wa Tanga, baada ya kupasuliwa titi na kumaliza kemo, yaani dawa za kuua saratani, alikuwa akijilaza mara baada ya sala ya isha, chandarua kikishushwa mapema ili apumzike vema, nami nikiwa kwenye mkeka karibu naye nilimsikia saa sita, saa nane na saa kumi za usiku akivuta uradi kwa sauti ya chini, akigeuka, akiuliza kama kumekucha, akipitisha vidole kwapani na katika titi lililobaki kutafuta uvimbe aliokwisha kuutafuta mara nyingi usiku ule ule. Kulipopambazuka alikuwa hoi. Akanywa uji akasinzia, akala chakula cha adhuhuri akasinzia tena, na nyumba nzima ikanyamaza kwa furaha kuwa mama amepata usingizi. Usiku ukaingia, akawa macho vile vile. Kliniki alipimwa damu, uzito na shinikizo, akaulizwa maumivu na hamu ya chakula. Lakini katika safari zote nilizomsindikiza sikusikia hata mara moja akiulizwa, mama, unalala?

Wala hali yake haikuwa nadra. Wachunguzi hutaja kuwa kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa wa saratani hupatwa na taabu ya kukosa usingizi, kadiri ipitayo kwa mbali ile ya watu wenye siha; na mwaka 2001 Josée Savard na Charles Morin wa Chuo Kikuu cha Laval, Québec, walipokusanya yaliyojulikana juu ya jambo hilo, waliliita tatizo lililopuuzwa. Sababu za mwanzo ni nyingi na zote ni za kweli. Yako maumivu. Iko deksamethasoni, dawa itolewayo pamoja na kemo ili kuzuia kutapika, ambayo ikinywewa jioni humkesha mtu mpaka alfajiri, ilhali ikinywewa asubuhi taabu hiyo hupungua. Iko tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, iletayo fukuto la mwili usiku wa manane, kiko kibofu kisichotulia kwa aliyepigwa mionzi ya nyonga, na juu ya yote iko hofu. Lakini mtaalamu wa usingizi Arthur Spielman wa New York alieleza jambo ambalo jamaa za wagonjwa wakilijua wataugeuza utaratibu wa nyumba zao, nalo ni kwamba yanayouanzisha ukosefu wa usingizi aghalabu siyo yanayoudumisha. Maumivu yaweza kutulizwa, kemo yaweza kwisha, na mtu bado akakesha, kwa kuwa katika siku za taabu alijizoeza kukaa kitandani saa kumi na mbili ili apate usingizi wa saa tano, akalala vipande vipande mchana, akakifanya kitanda mahali pa kuhesabu madeni, kuwaza mauti na kuungoja usingizi, hata mwili ukasahau kuwa kitanda ni cha kulala.

Juu ya elimu hiyo ndipo ilipojengwa tiba ya fikra na mienendo kwa wasiopata usingizi, ambayo sehemu yake moja ilitungwa na Mmarekani Richard Bootzin mwaka 1972, na nyingine na huyo Spielman pamoja na wenzake mwaka 1987. Haina kidonge. Mgonjwa huandika kila asubuhi, kwa juma moja au mawili, saa aliyopanda kitandani, muda aliolala kweli na saa aliyoamka. Kisha huwekewa muda wa kukaa kitandani unaokaribiana na usingizi anaoupata, usiopungua saa tano au karibu yake, na saa ya kuamka isiyobadilika hata kama usiku ulikuwa mbaya. Akiwa macho kwa kadiri ya dakika 20 huinuka, akaketi mahali pengine penye nuru hafifu, akarudi kitandani usingizi umjiapo. Usingizi ukishika sehemu kubwa ya muda ule, yaani kama 85 katika kila 100, muda huongezwa kidogo kidogo. Pamoja na hayo mshauri huzungumza naye juu ya fikra zinazomtesa gizani, kama ile ya kwamba akikosa usingizi usiku mmoja saratani itarudi, akamfunza kuzipima badala ya kuzitii. Chuo cha Matabibu cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kuwa watu wazima wasiolala kwa muda mrefu waanzishiwe tiba hii kabla ya vidonge; na katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019, ambalo watu 160 waliopata kuugua saratani waligawanywa baina ya tiba hii na tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba, pande zote mbili zilipata nafuu, ila tiba ya fikra na mienendo ikatangulia.

Habari hizi zina uzito mkubwa kwetu, maana njia iliyozoeleka ya mtu asiyelala ni kwenda duka la dawa akaomba diazepamu. Mgonjwa anywaye mofini kwa maumivu akiiongezea diazepamu bila ya tabibu wake kujua, pumzi zake zaweza kufifia mpaka zikakatika. Na mzee aliyekwisha kukonda huamka na ulevi wa kidonge hicho akaanguka njiani kwenda chooni. Sisemi vidonge vitupwe, kwa kuwa iko siku ambayo tabibu mwenye busara huvihitaji. Nasema visiwe ndiyo tiba ya kwanza na ya pekee anayoijua mgonjwa.

Litasemwa kuwa kanuni za kitanda zilitungwa kwa watu wenye sebule na vyumba vya kulala, ilhali sisi wengi twaishi katika chumba kimoja ambamo kitanda ndicho kiti cha wageni na ndipo watoto wanapoandikia kazi za shule. Shaka hii ni ya haki nayo yastahili jibu. Jibu langu ni mkeka. Asubuhi kitanda kitandikwe, chandarua kifungwe juu, na mkeka au jamvi litandazwe barazani au chini ya mwembe, mgonjwa akae hapo na awapokee wageni hapo. Akichoka mno na ajinyooshe nusu saa kabla ya alasiri juu ya mkeka ule ule, asirudi kitandani. Usiku akikosa usingizi, mkeka humngoja tena mpaka kope zimlemee. Na ile saa ya kuamka isiyobadilika, ambayo wataalamu huisisitiza kuliko kanuni nyingine, kwa watu wa mwambao ipo tayari: mwadhini wa alfajiri huita kila siku, na katika nchi zilizo karibu na ikweta wakati wake hausogei sana mwaka mzima. Muuguzi anayejua jinsi watu wake wanavyoishi anaweza kuifunza tiba hii yote bila ya kutaja kitu kimoja kisichokuwamo nyumbani mwa mgonjwa.

Liko jambo jingine ambalo katika jamii yetu hulifanya giza la usiku kuwa zito zaidi, nalo ni siri. Mara nyingi jamaa humwomba tabibu asimtajie mgonjwa jina la maradhi yake, wakamwambia kuwa ni kidonda cha tumbo au uvimbe tu. Naye, aliyeketi benchi moja na waliopukutika nywele na kusoma kibao cha mlangoni, anajua, na anajua pia kuwa wenziwe hawataki ajue. Mtu huyu atasema na nani? Mchana hucheka na wageni ili asiwatie simanzi, na usiku hubaki peke yake na maswali ambayo hakuna aliyempa ruhusa ya kuyauliza: kama watoto watasomeshwa, kama mume atavumilia, kama ni yeye aliyejiletea, kama yuko aliyemroga. Daktari wa nafsi Jimmie Holland, aliyeanzisha mwaka 1977 huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering mjini New York, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwafahamisha matabibu wenziwe kuwa dhiki ya nafsi ya mgonjwa iulizwe na kupimwa kama vile joto la mwili linavyopimwa. Naliona shauri lake kuwa la haki, na kwetu laanza na kumwambia mgonjwa kweli kwa upole, kwa sababu hakuna ushauri nasaha uwezao kumtuliza mtu juu ya jambo ambalo wote chumbani wamekubaliana kutolitaja.

Wala uhaba wa wataalamu wa nafsi usiwe ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nchini Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wenyeji waliopewa mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya watu wenye huzuni kuu, wakikutana mara moja kila juma kwa majuma 16, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa huzuni ilipungua kwa kiasi kilichowashangaza wengi. Zimbabwe nako, daktari wa nafsi Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwafunza bibi wa mtaani kuketi na watu wenye dhiki kwenye benchi lililo nje ya zahanati; jaribio la watu 573, lililotangazwa mwaka 2016, likathibitisha kuwa waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa saratani, nami siwageuzi kuwa hivyo. Ila sioni ni kwa nini sikio la bibi wa Harare lifae kwa mwenye huzuni ya umaskini na ndoa, lisifae kwa mwenye huzuni ya uvimbe.

Nageukia mwili, kwa maana nusu ya tiba iko katika miguu. Uchovu wa saratani haufanani na uchovu wa mkulima arudiye shambani: wa mkulima huondoka kwa kulala, wa saratani hauondoki, na kila siku ya kulala hunyang'anya misuli nguvu kidogo, hata safari ya chooni ikawa mzigo, na mzigo huo ukachukuliwa kuwa ni dalili kwamba mgonjwa apumzike zaidi. Mwaka 1989, wakati ushauri wa matabibu karibu wote ulikuwa ni kupumzika, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Mary MacVicar na Maryl Winningham, walitangaza kuwa wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya titi kwa dawa, walipoendesha baiskeli isiyokwenda kwa majuma 10, mara tatu kwa juma, waliongeza nguvu badala ya kuzipoteza. Tangu hapo ushahidi umerundikana, na mwaka 2017 Karen Mustian wa Rochester na wenzake walipoyatazama kwa pamoja majaribio 113 yaliyohusu wagonjwa zaidi ya 11,000, waliona kuwa mazoezi ya viungo na tiba ya mazungumzo huupunguza uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa kwa ajili hiyo.

Hata ile hofu ya mkono haikusalimika. Wanawake wengi waliotolewa tezi za kwapani waliambiwa, na mpaka leo wanaambiwa, wasiinue kitu kwa mkono ule maisha yao yote wasije wakavimba. Lakini mwaka 2009 mchunguzi Kathryn Schmitz na wenzake walitangaza jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba, nusu yao wakainua vyuma mara mbili kwa juma, wakianza na vyepesi, chini ya uangalizi, mikono ikiwa katika nguo za kubana. Uvimbe haukuzidi, na vipindi vya kuumuka kwake vikawa vichache kuliko kwa waliokaa. Nimewaona akina mama wetu wakiutunza mkono wao kana kwamba ni wa kuazima, na kila siku ukizidi kudhoofika.

Kwa usingizi wenyewe lazima niseme kwa uangalifu. Baraza la wataalamu lililokutana Marekani mwaka 2018 lilishauri mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa nusu saa mara tatu kwa juma, likasema ushahidi wake ni wenye nguvu kwa uchovu, kwa wasiwasi na kwa huzuni. Kwa usingizi likauona ushahidi kuwa wa wastani. Ila wastani si hafifu. Katika jaribio la huyo Mustian la mwaka 2013, watu 410 waliomaliza matibabu wakiwa na taabu ya usingizi waligawanywa, baadhi wakafanya yoga ya upole mara mbili kwa juma kwa majuma manne, nao wakalala vizuri zaidi na wakapunguza dawa za usingizi. Mwaka 2017, huko Los Angeles, wanawake 90 waliopona saratani ya titi na wasiolala walifunzwa ama tiba ya fikra na mienendo ama taichi, yaani mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, na baada ya miezi 15 taichi haikuwa imeachwa nyuma. Na mwaka 2025 yalitoka matokeo mazito: katika wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia, waliofuatana na mwalimu wa mazoezi kwa miaka mitatu baada ya upasuaji na kemo walikuwa 80 katika 100 bila ya saratani kurudi baada ya miaka mitano, ilhali waliopewa kijitabu cha nasaha walikuwa 74. Jaribio hilo halikuhusu usingizi, nalo ni la aina moja ya saratani. Nalitaja kwa sababu limewaondolea watu udhuru wa kusema kuwa kutembea ni anasa tu.

Hadhari zipo, na asiyezitaja humdhuru msomaji. Mwenye homa, mwenye kutoka damu, ambaye chembe za kugandisha damu zimepungua sana, ambaye saratani imeingia mifupani, mwenye kizunguzungu cha upungufu wa damu au mshono mbichi, asianze lolote kabla ya kusema na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Na tiba ya kufupisha muda wa kitandani isitumiwe bila ya mwangalizi kwa mwenye kifafa au aliye dhaifu kiasi cha kuanguka. Aliyesalimika na hayo na aanze na dakika tano, baraza mpaka mlangoni kwa jirani, kwa mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Siku nyingine aketi kitini ainuke bila ya kushika, mara tano, mara kumi. Mikononi chupa mbili za maji zatosha kuwa vyuma. Hakuna haja ya mavazi ya michezo. Mama mwenye baibui na viatu vyake vya kila siku, akitembea na binti yake kabla ya jua kuwa kali, amefanya mazoezi kamili.

Katika Tanzania mahali pa kuanzia panajulikana. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyomo katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897 hapo Dar es Salaam, hupokea wagonjwa kutoka pande zote za nchi, na wengi wao ni wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao mionzi yao huwaweka mjini majuma matano au zaidi, siku tano za kila juma, mbali na shamba, na watoto, na sauti walizozizoea. Kupigwa mionzi kwenyewe huchukua dakika chache. Saa nyingine za siku ni za kungoja, na wengi huzingoja wakiwa wamelala. Nje ya lango iko bahari. Majuma matano ndiyo karibu muda uliotumika katika jaribio lile la yoga, nayo hupita kila siku mbele yetu bila ya kutumiwa, wakati kikundi cha wagonjwa kumi na muuguzi mmoja wangeweza kutembea asubuhi kwenye upepo wa pwani, wakarudi wakaketi kwenye mkeka wakasemezana juu ya usiku uliopita.

Watakaopinga watasema kuwa nchi isiyo na mashine za mionzi za kutosha haina haki ya kufikiri juu ya usingizi. Naheshimu uchungu wa neno hilo, lakini silikubali, kwa kuwa mgonjwa asiyelala na aliyekata tamaa ndiye aachaye mionzi katikati akapanda basi kurudi kwao, na mashine ile ya ghali ikawa haikumfaa. Uganda ilipobadili sheria yake mwaka 2004 ili wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, waruhusiwe kuandika mofini, walikuwapo waliohofu. Leo jambo hilo ni mfano kwa Afrika. Ikiwa muuguzi aweza kuaminiwa mofini, aweza kuaminiwa kumfunza mtu saa ya kuamka. Wizara za afya za nchi zetu na ziweke mafunzo hayo katika vyuo vya uuguzi, na kadi ya kliniki iongezwe mstari wa saa alizolala mgonjwa, chini ya mstari wa uzito. Na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, jamaa anayempokea aandikiwe, katika karatasi ile ile yenye orodha ya dawa, deksamethasoni inywewe saa ngapi, mgonjwa aamke saa ngapi, mkeka wake utandazwe wapi mchana, atembee hatua kiasi gani juma la kwanza, na ni nani katika nyumba ile atakayefuatana naye.